Mashine Tisa Zilizoandikiwa Kifo

Darasani, chumba cha juu
4 Februari

Chiriku wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Mimi goti linaniuma ninapopanda ngazi na haliumi ninaposhuka, kwa hiyo nimeamua kwamba nusu ya safari sina ugonjwa. Kaka yako amepata mtoto wa pili, msichana, na amerithi paji la uso la marehemu baba yenu, maskini. Nimemwambia kaka yako nywele zitalifunika. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula.

Nakuandikia barua kwa sababu neno la simu halina nakala, na jambo hili nataka liwe na nakala.

Wiki iliyopita tarishi wa idara ya mafunzo aliniletea bahasha. Chumba hiki ni chao, unajua. Nimekitumia miaka kumi na tisa kufundisha watu kuchapa. Barua inasema kompyuta zangu tisa "hazifai kwa matumizi". Eti mfumo uliomo ndani umefika mwisho, wenye mfumo hawaulindi tena, na mfumo wao mpya hauzikubali mashine za umri huo. Kwa hiyo tarehe 30 Juni nikabidhi funguo, na chumba kipewe kampuni fulani itakayoleta mashine mpya na kufundisha yenyewe. Wameambatisha taarifa ya mtaalamu, kurasa mbili, ina muhuri, haina jina. Nimeisoma mara tatu. Imechapwa vizuri.

Mashine zote tisa zinawaka. Asubuhi hii nimeziwasha moja moja. Nina wanafunzi kumi na wanne wa mtihani wa Julai, na mmoja wao, mlinzi wa ghala, Oktoba alikuwa anatafuta herufi kwa kidole kimoja. Leo anakwenda maneno arobaini kwa dakika. Siwezi kumwambia mtu huyo arudi nyumbani kwa sababu karatasi imesema.

Wewe ndiye fundi wa kompyuta katika ukoo huu. Niambie cha kufanya. Usiniambie niondoke, maana siondoki.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika mapema, aliyechelewa ni mimi. Kazi zimetubana, mafundi wawili wameondoka na meza zao nimepewa mimi. Nimehamia chumba kingine, dirisha linatazama ukuta lakini maji hayakatiki. Mwambie mama nakula. Nimefurahi kusikia habari za mtoto. Hilo paji la uso hata mimi ninalo, na nimeishi nalo.

Kuhusu kompyuta. Shangazi, umefundisha miaka kumi na tisa, hakuna atakayekulaumu ukipumzika. Mashine zile ni za zamani kweli. Hata zikiwaka, mfumo usiolindwa ni hatari, na idara hawakukosea kusema hivyo. Njia nyingine zipo, mifumo huria na kadhalika, lakini zinataka kujifunza kwingi, na kwa umri wako naona ni kujitesa. Huenda hiyo kampuni mpya ikahitaji mwalimu.

Fikiria, Shangazi. Goti lako nalo linataka ngazi chache.

Binti wa kaka yako


6 Machi

Wewe,

Marahaba. Wote wazima. Mtoto ameongezeka uzito.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi niisome tena kwa haki. Umri wangu sikuuliza. Naujua, ninao tangu nizaliwe. Goti nililiweka kwenye salamu, si kwenye hoja. Na hiyo kampuni ikinihitaji, itanikuta ndani ya chumba hiki hiki.

Uliteleza ukataja mifumo huria, nami nikashuka hadi kwa fundi redio wa mtaa wa pili. Kumbe ana Linux kwenye kompyuta yake kuukuu miaka sita, na hajawahi kuniambia kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Anasema mfumo huo hauna bwana wa kukuambia muda wako umekwisha. Anayetaka anauchukua, anaufungua aone ulivyoundwa ndani, anampa jirani, na hakuna wa kumshika. Nilimuuliza mara mbili kama si wizi. Anasema masharti yenyewe ndiyo yanaruhusu ugawe. Miaka yote hii mimi nimekaa na kompyuta zangu kama mpangaji, nikidhani ni zangu.

Shida ni kwamba aina zake ni utitiri. Fundi alianza kunitajia majina nikamzuia. Yeye anatumia ile anayojivunia kwamba ni ngumu. Mimi nataka ya watu wenye kazi zao. Basi nijibu: nichukue ipi, kwa nini hiyo, na naiwekaje. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kidonda sikitaki.

Shangazi


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimeona umeniita "Wewe", nimeelewa. Mimi mzima, ila mafua hayaniachi.

Chukua Linux Mint, ile ya sura ya Xfce. Mint ina sura tatu. Hizo nyingine mbili zinapendeza zaidi lakini zinakula kumbukumbu, na mashine zako zina gigabaiti mbili tu. Kuna Ubuntu, kuna Zorin, zote zinamfaa anayeanza, lakini kwako nimeogopa uzito. Kwenye Mint utakuta menyu pale pale chini kushoto ulikozoea, kwa hiyo wanafunzi hawatapotea. Ndani imo LibreOffice, na programu yake ya kuandikia inaitwa Writer. Itafungua mafaili yako ya zamani. Mistari mingine itasogea kidogo, lakini maneno hayapotei.

Mashine namba mbili ni ya kizazi cha nyuma, ya biti thelathini na mbili, Mint haitaingia. Hiyo ipe antiX, Linux nyingine iliyo nyepesi zaidi. Ina sura ya kikavu lakini inakimbia hata kwenye mashine iliyokata tamaa.

Flashi mbili zimo humu kwenye bahasha, nimezizungushia kitambaa. Unapowasha, bonyeza F12, uchague flashi. Mfumo utawaka bila kugusa diski. Jaribu kwanza kila kitu: kipanya, kibodi, printa. Ukiridhika ndipo ubofye alama ya kusakinisha. Huko mbele litakuja swali la kutisha, kama ifute diski nzima. Usikubali kabla hujanakili kazi za wanafunzi mahali pengine. Na usiseme "nadhani nimenakili". Fungua uone.

Nina ombi moja, Shangazi. Usimwambie mtu yeyote kwamba nimekutumia hizi.

Binti wa kaka yako


11 Aprili

?zqnqngu ,pendzq

Usiogope, sijapata kiharusi. Hapo nimeandika "Mwanangu mpendwa" kwenye mashine namba nne, na hivyo ndivyo ilivyotoka. Nimeiacha uione. Haya mengine nachapia namba moja, ambayo ni nzima kabisa na inakusalimu kwa Writer.

Hatujambo. Mama yako alipanda kuja kuona, akakaa nyuma ya darasa dakika ishirini, akasema inafanana na ile ya zamani, ila hii haimkatizi mtu kumtaka anunue kitu.

Nilinakili kazi zote mara mbili, nikafungua, nikaona. Namba moja niliijaribu siku nzima kwa flashi, polepole lakini kwa heshima. Nilipoisakinisha iliwaka upesi kuliko siku niliyoipokea. Ya tatu vile vile. Ya nne ndiyo iliyoniaibisha. Unakumbuka vitufe vyangu vyote nimevipaka rangi nyeusi ya kucha ili mwanafunzi asitazame chini. Sasa ikafika pale inapouliza kibodi ni ya lugha gani. Mimi nikiulizwa nasema kweli. Nikachukua wembe nikakwangua rangi nione herufi zilizo chini, nikakuta A, Z, E, R, T, Y. Ni ya Kifaransa. Ilikuja na mashine za msaada, na miaka yote hiyo hakuna aliyejua. Nikajibu: Kifaransa. Tangu hapo kila ninachochapa inakitema. Mlinzi wa ghala amenitazama kwa huruma, jambo ambalo sitaki alizoee.

Nimekosa wapi kwa kusema kweli? Na lingine: kwa nini nisimwambie mtu umenitumia flashi? Kitu chenyewe ni halali.

Shangazi yako


19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mafua yamepona. Nimecheka peke yangu kazini mpaka nikaulizwa kuna nini.

Kosa lako ni kuamini plastiki badala ya vidole. Mfumo wa zamani uliambiwa kibodi zote ni za Kiingereza cha Marekani, na vidole vyako na vya wanafunzi vimelelewa hivyo. Ingia kwenye mipangilio, tafuta kibodi, ongeza Kiingereza cha Marekani, ondoa Kifaransa. Kisha rudishia rangi ya kucha usahau. Na siku ya mtihani, wakumbushe wanafunzi wahifadhi kazi kwa aina ya faili inayotakiwa na idara. Writer inaijua, ila lazima uichague mwenyewe.

Swali lako la pili nimeliona.

Binti wa kaka yako


10 Mei

Chiriku,

Hatujambo. Mtoto ameanza kucheka, na anamcheka zaidi kaka yako.

Zote tisa zinafanya kazi. Namba mbili ilitutoa jasho, fundi redio alikaa nayo saa mbili na malipo amekataa. Mwanafunzi mmoja, mama wa watoto wanne, ameomba flashi akaiweke kwenye kompyuta ya nyumbani kwake. Nimempa. Sijui kama nimewahi kusikia raha ile, kumpa mtu kitu cha kompyuta bila kuomba ruhusa kwa yeyote.

Jana nilikwenda idarani kumwita ofisa aje aone. Ni mstaarabu, alinipa kiti. Akaniambia, "Mama, mimi siwezi kubishana na mtaalamu. Taarifa inasema zimekufa. Mpaka mwenyewe aseme alikosea, kwangu mimi zimekufa."

Nikamwambia, "Lakini zinachapa."

"Zichape tu, mama. Mimi nafuata faili."

Amekubali kuja tarehe 29 Juni, siku moja kabla ya funguo, ili isisemwe hakunisikiliza.

Sasa nitasema nililonyamaza nalo tangu Februari. Ulipokuwa na miaka saba nilikufundisha kuchapa kwenye ile taipureta yangu ya kwanza. Haikuwa na kitufe cha namba moja; tuliweka herufi l ndogo mahali pake. Wanafunzi wote wa chumba hiki walianzia kwenye kompyuta, tabia hiyo hawaijui. Taarifa ya mtaalamu ina namba za mashine tisa, na kila palipotakiwa moja pana l. Sikuwa na haja ya jina. Kisha ukaja kunitajia namba mbili na biti zake. Mashine hiyo niliipata baada ya wewe kuondoka, Chiriku. Hujawahi kuiona isipokuwa kwenye orodha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana nilikuandikia wewe na si fundi mwingine. Nilitaka uniambie mwenyewe. Nimesubiri barua tatu.

Leo sina swali.

Shangazi yako


25 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za nyumbani nimezipokea. Zangu za kurudisha sina.

Ni mimi. Kampuni inayotaka chumba chako ni hii ninayofanyia kazi. Januari mkuu wangu aliniletea orodha ya mashine na umri wake, akasema, "Andika hazifai, ni kazi ya nusu saa." Anwani ilikuwa juu ya ukurasa. Niliisoma. Nilijua ni chumba gani, najua hata ile ngazi inayolia. Nikaandika. Nilijiambia kwamba kwa mfumo wao mpya ni kweli hazifai, na kuhusu mifumo mingine hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo kiherehere cha nini. Barua yako ilipofika nilikaa nayo wiki tatu. Nilidhani flashi zingenisafisha bila mimi kusema.

Kuniona mbaya una haki. Lakini kuifuta taarifa siwezi, Shangazi. Mkuu ataniondoa siku hiyo hiyo, na mji huu sina pengine pa kushika. Usiniombe hilo.

Binti wa kaka yako


3 Juni

Chiriku,

Marahaba. Tuko salama. Mama yako hajui, na kwangu hatajua.

Soma barua zangu zote upya. Hakuna mahali nilipokuomba uifute, na sikuombi. Nimekasirika, tena sana, na hasira yangu ni ya haki, nitakaa nayo mpaka iishe yenyewe. Lililoniuma si hilo neno "hazifai". Watu wameniambia mabaya zaidi. Limeniuma kwamba ulijua, kisha ukaniambia nipumzike.

Tarehe 29 wanafunzi kumi na wanne watachapa mbele ya ofisa, kwa zamu mbili maana mashine ni tisa. Mkuu wako amealikwa. Tarehe 30 funguo sitoi. Wakitaka walete mvunja kufuli, na amkute mwalimu ubaoni na darasa linaendelea. Nimewaambia wanafunzi anayeogopa asije. Wote wamesema watakuja, pamoja na yule mwenye homa.

Wewe ni mtu mzima, hufundishwi pa kusimama.

Shangazi yako


17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wasalimie wote, na mama mwambie nitampigia mwenyewe.

Hii ni nakala ya barua niliyoipeleka idarani leo. Nyingine nimeiweka mezani kwa mkuu wangu.

"Mimi ndiye niliyeandika taarifa ya tarehe 14 Januari kuhusu kompyuta tisa za darasa la kuchapa. Sikuziona wala sikuzijaribu. Kwamba hazipokei mfumo mmoja hakumaanishi kwamba hazifai kwa mfumo wowote, na hilo nililijua nilipokuwa nikiandika. Mwajiri wangu anakitaka chumba hicho kwa biashara yake. Idara ilistahili kuambiwa mapema. Taarifa hiyo naifuta. Jina langu na sahihi yangu viko hapa chini."

Saa nne mkuu aliniita, akauliza nani amenituma. Nikamwambia hakuna aliyeniomba. Naona hilo lilimkera kuliko barua yenyewe. Alinipa mpaka saa tisa niondoe vitu vyangu. Vilikuwa mfuko mmoja, saa tano nilikuwa nje.

Tarehe 29 siji. Sitaki isemwe shangazi na mtoto wa kaka yake wamepanga njama. Acha barua iseme. Na tafadhali usiniandikie kunishukuru.

Binti wa kaka yako


30 Juni

Chiriku wangu,

Hatujambo. Mtoto ameota jino. Mama yako baada ya simu yako analia na kujisifu kwa zamu, sisi tunangoja amalize.

Kukushukuru sikushukuru. Ulirudisha ulichochukua.

Jana ofisa aliisoma barua yako kwa sauti, neno kwa neno, mkuu wako akiwa ameketi kwenye kiti cha mwanafunzi. Alipomaliza, mkuu wako akasema sawa, lakini mfumo wa bure hauna mwenyewe. Ukiharibika mtamuuliza nani? Mlinzi wa ghala akainuka. Akasema, "Bosi, ule wa zamani ulikuwa na wenyewe. Tuliwauliza, wakatuambia tukatupe kompyuta." Watu wakacheka, na ofisa akainama kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Kisha akatoa gazeti mkobani, akasoma habari ya ukurasa wa kati, nao wakachapa. Hakuna aliyetazama chini. Yeye alizunguka nyuma yao akisoma skrini, na kwenye namba mbili alisimama muda mrefu. Mwishowe akafunga faili. Alisema taarifa ikishafutwa hana cha kufuata, kwa hiyo atafuata macho yake. Chumba ni chetu mwaka mzima, na mkuu wako alishuka ngazi bila kuaga.

Kuna sharti moja. Darasa lazima liwe na mtaalamu wa mashine anayejulikana kwa jina, azikague kila mwezi na kuweka sahihi. Ofisa akanipa fomu hapo hapo. Nafasi ya jina ilikuwa tupu, na yeye alikuwa amesimama ananisubiri.

Nimeandika jina lako. Nimeliandika kwa wino, na muhuri umeshapigwa juu yake. Hasira yangu haijaisha, utaikuta hapa utakapofika, na utafanya kazi nayo chumba kimoja. Kama jina lako hulitaki kwenye fomu hiyo, panda gari uje ulifute mwenyewe.

Shangazi yako